Punguzo linalosubiri mnunuzi asahau

Kuna aina moja ya punguzo la bei ambayo Mkenya aliyezoea maduka ya Biashara Street, Nairobi, au vibanda vya Kongowea, Mombasa, hataielewa mara moja hata akielezwa na bingwa wa lugha. Kwetu sisi punguzo ni jambo la papo kwa papo. Muuzaji hutaja bei, mnunuzi hutikisa kichwa, muuzaji hushuka kidogo na mnunuzi naye hupanda kidogo. Wakutanapo, fedha hutoka na bidhaa huondoka. Hakuna anayeambiwa: "Lipa yote sasa, kisha uniandikie barua, nami baada ya miezi mitatu nitatazama kama nikurudishie sehemu." Mfanyabiashara wa Gikomba akithubutu kusema hivyo, ataachiwa nguo zake hapo hapo, na kicheko juu yake.

Huko Marekani, hata hivyo, mtindo huo umekuwako kwa miongo kadhaa, na katika miaka ya 1990 na ile iliyofuata, hadi karibu mwaka 2007, ndio uliotawala matangazo ya maduka ya kompyuta na vifaa vya ofisi. Jina lake, kwa tafsiri ya karibu, ni marejesho ya posta. Bidhaa hutangazwa kwa bei iliyoandikwa kwa tarakimu kubwa nyekundu. Chini yake, kwa herufi ambazo hata mwenye miwani huzisoma kwa taabu, huelezwa kwamba hiyo ni bei ya "baada ya marejesho". Mnunuzi hulipa bei kamili, ambayo ni kubwa zaidi, kisha hupewa fomu. Hutakiwa aijaze, akate kwa makasi ile chapa ya mistari myeusi iliyo kwenye katoni, aambatanishe risiti, atie vyote katika bahasha, abandike stempu na kuipeleka kwenye sanduku la posta la mji asioujua, tena kabla ya tarehe iliyowekwa. Akitimiza kila sharti, hundi humfikia baada ya wiki nane, kumi au kumi na mbili. Akikosa kutimiza hata moja, basi tena.

Msomaji ataniuliza, mambo ya Marekani yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu kwa kuwa Wakenya wengi wana jamaa huko, na kwa kuwa siku hizi tangazo halijui mpaka. Mtu aliyeketi Nyeri au Kakamega huliona tangazo la duka la Minneapolis kwa dakika ile ile anayoliona mkazi wa mji huo. Huiona ile bei kubwa nyekundu, akaizidisha kwa thamani ya dola ya siku hiyo, kisha akampigia simu ndugu yake. Maandishi madogo yaliyo chini hayazidishi kwa chochote.

Mwishoni mwa Novemba 2006 nilikuwa nikiishi katika kitongoji kimoja cha kaskazini mwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, ambako Wakenya si haba, hasa watu wa Kisii. Mpwa wangu alikuwa amepata nafasi katika chuo kikuu humu nchini. Dada yangu, mamake, aliona katika mtandao tangazo la kipakatalishi cha dola 499.99. Dola ya wakati ule ilikuwa karibu shilingi 70, naye alipiga hesabu akapata shilingi 35,000. Tukakubaliana kama wafanyavyo watu wengi walio ughaibuni na jamaa zao: mimi ninunue huko kwa fedha zangu, naye atoe shilingi 35,000 hizo kulipia deni la hospitali la mama yetu, ambalo lilikuwa fungu langu kulilipa. Fedha zisivuke bahari, na ada ya kuzituma isilipwe. Ulikuwa mpango mzuri, na sioni hadi leo kasoro iliyokuwa ndani yake, ila bei yenyewe.

Dukani keshia alinitajia dola 692.24.

Hebu tuipige hesabu hiyo polepole, kwa maana ndipo penye kiini cha jambo. Bei ya kulipia ilikuwa dola 649.99. Juu yake kulikuwa na kodi ya mauzo ya jimbo, ambayo Minnesota wakati huo ilikuwa asilimia 6.5, yaani dola 42.25. Zile dola 150 zilizoitofautisha bei hiyo na ya tangazo zilikuwa marejesho, tena si marejesho ya namna moja bali mbili: dola 100 kutoka kwa mtengenezaji na dola 50 kutoka kwa duka. Na hapa pana jambo ambalo tangazo halikulitaja kabisa. Katika majimbo mengi, kodi hutozwa kwa bei kamili, si kwa ile ya baada ya marejesho ya mtengenezaji. Kwa hiyo hata kama hundi zote mbili zingefika siku ya pili yake, ningekuwa nimelipa dola 542.24, na ndani yake mna karibu dola 10 za kodi ya fedha ambazo, kwa mujibu wa tangazo, sikutumia. Serikali ya jimbo haina habari ya ahadi za posta. Yenyewe huhesabu kilichotoka mfukoni.

Nilipompigia dada simu kumweleza, alinyamaza kidogo kisha akasema kwa sauti ya upole, "Ndugu yangu, tangazo si hili hapa ninalitazama kwa macho yangu?" Alikuwa amekwisha kulipa hospitali na stakabadhi anayo. Hakunituhumu waziwazi. Lakini ye yote aliyewahi kuishi ng'ambo anajua maana ya kimya cha namna ile. Mtu aliye Marekani hushukiwa tangu mwanzo kwamba anaficha kitu, na anaposema bei imepanda kati ya tangazo na keshia, huonekana kama kijana aliyetumwa sukari akarudi na chenji pungufu. Dola 192 nilizilipa mimi, na zinaumiza. Shaka ile ya dada yangu hailipiki kwa hundi, na kampuni iliyochapisha tarakimu zile nyekundu haikuwa na habari kwamba imeingia kati ya watu wawili walionyonya titi moja.

Basi nikaketi na fomu zangu. Ya mtengenezaji ilitaka chapa halisi ya mistari pamoja na nakala ya risiti, na muda wake ulikuwa siku 30. Ya duka iliridhika na nakala ya chapa, ila ilitaka itumwe ndani ya siku 14, na nambari ya mtambo iandikwe kwa mkono katika visanduku ambavyo vilikuwa pungufu ya tarakimu za nambari yenyewe. Nilikwenda maktaba ya mji kutoa nakala. Nilinunua bahasha. Stempu mwaka huo ilikuwa senti 39. Vyote hivyo ni vidogo, nami sivilalamikii, lakini mtu anayefanya kazi zamu ya usiku katika nyumba ya wazee, kama walivyofanya Wakenya wengi niliowajua huko, huifanya kazi hii ya ukarani katika saa ambazo angekuwa amelala.

Kukata ile chapa kuna madhara mengine ambayo hayasemwi sana. Maduka mengi ya Marekani humruhusu mnunuzi kuirudisha bidhaa katika siku kadhaa za mwanzo, na huo ni ustaarabu ambao ningependa tuuige. Lakini katoni ikishakatwa chapa, duka laweza kukataa kuipokea. Kwa hiyo mnunuzi husimama njia panda. Akikata mapema awahi tarehe ya marejesho, hupoteza haki ya kurudisha. Akingoja ahakikishe kwamba mtambo hauna ubovu, tarehe ya marejesho humpita. Mtu aliyeupanga mpango huu aliketi akafikiri.

Hundi ya duka, ya dola 50, ilifika wiki ya kumi na moja. Ya mtengenezaji haikufika. Mnamo Februari nililetewa kadi ya posta ikisema ombi langu limekataliwa kwa sababu risiti haikuonyesha tarehe ya ununuzi. Nilikuwa na nakala. Tarehe ilikuwako, katika mstari wa pili, wino mweusi. Nikapiga simu, nikasikilizishwa muziki kwa muda mrefu, kisha binti mmoja mwenye adabu akanishauri nitume stakabadhi zote upya, pamoja na chapa halisi. Chapa halisi walikuwa nayo wao wenyewe. Katoni ilikuwa imeondoka na msafiri mwezi wa Desemba, nayo wakati huo ilikuwa chini ya kitanda katika bweni la mpwa wangu. Nilipopiga simu mara ya tatu niliarifiwa kwamba muda wa kuomba umepita. Dola 100 zikaishia hapo, shilingi 7,000 za wakati ule, na binti yule mwenye adabu alinishukuru kwa kuwa mteja wao.

Je, huo ulikuwa uzembe wa karani mmoja? Ningependa kuamini hivyo. Lakini biashara hii ina hesabu zake, na ndani ya hesabu hizo kushindwa kwa mnunuzi ni faida. Wenyewe wana majina ya kikazi kwa fedha za aina mbili: zile ambazo mnunuzi hakuziomba kabisa, na zile zilizotumwa kwa hundi ambayo haikupelekwa benki. Hundi zenyewe mara nyingi zilichapishwa mfano wa kadi ya matangazo, zikaingia katika rundo la karatasi zinazotupwa bila kusomwa. Tena zilikuwa na muda wa kuisha nguvu, mara nyingi siku 90. Na katika muda wote wa kungoja, fedha hizo hukaa mikononi mwa kampuni bila riba. Ni mkopo ambao mnunuzi humpa tajiri, na mkopeshaji ndiye anayejaza fomu.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili. Mwaka 1998 Dilip Soman alichapisha makala katika jarida la utafiti wa masoko la Marekani kuhusu udanganyifu wa vivutio vinavyocheleweshwa. Hoja yake, kwa maneno mepesi, ni kwamba mtu anapokuwa dukani huziona fedha zilivyo, lakini kazi ya kuzidai, kwa kuwa iko mbele, huonekana nyepesi kama unyoya. Wiki mbili baadaye, mezani, kazi ile ile huwa nzito kama gunia, na fedha ndizo zinazoonekana chache. Kwa hiyo marejesho humvuta anunue, kisha hayamvuti adai. Mtafiti mwingine, Timothy Silk, katika tasnifu yake ya 2004 kwenye Chuo Kikuu cha Florida, alilitazama suala la muda. Mtu angedhani kwamba kumpa mnunuzi siku nyingi zaidi za kuomba ni kumhurumia. Kumbe muda mrefu humzidishia imani anaponunua, kisha humfanya aahirishe hadi asahau. Hata hisani, basi, yaweza kuwa mtego.

Kazi ya kupokea bahasha haifanywi na duka wala mtengenezaji, bali na kampuni za kukodiwa. Wakazi wa Minnesota wanaufahamu mji mdogo uitwao Young America, ambao mwaka 1997 uliunganishwa na jirani yake Norwood. Mji huo wa mashambani, kusini-magharibi mwa Minneapolis, ulikuwa na nambari za posta kuliko ulivyostahili kwa udogo wake, mojawapo ikiwa ni 55555, kwa sababu ya wingi wa bahasha za marejesho zilizomiminika huko kutoka kila pembe ya Marekani. Bahasha zangu mimi zilikwenda jimbo jingine, wala sina neno na watu wa Young America. Ila huwa nawaza juu ya mji ambao wakazi wake ni elfu chache na barua zake ni mamilioni, na katika kila barua mna kipande cha katoni kilichokatwa kwa makasi.

Mpangilio huo wa kukodi una maana yake. Mnunuzi aliyenyimwa haki yake huenda dukani, duka humwelekeza kwa mtengenezaji, mtengenezaji humwelekeza kwa kampuni ya bahasha, nayo kampuni ya bahasha humwambia kwamba yenyewe hufuata tu masharti iliyopewa. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli na hakuna aliyeshika fedha.

Serikali ya Marekani haikunyamaza kabisa. Mwaka 2000 Tume ya Biashara ya Shirikisho iliyafikisha kwenye suluhu makampuni ya Value America, Office Depot na Buy.com kwa sababu ya matangazo ya kompyuta za bei ya chini sana. Punguzo la dola 400 lililofanya bei hiyo iwezekane lilikuwa limefungwa kwenye mkataba wa miaka mitatu wa huduma ya intaneti, na tume ilisema jambo hilo halikuelezwa inavyopasa. Mwezi Machi 2005 ikawa zamu ya CompUSA, duka lililokuwa kubwa la kompyuta. Liliendelea kutangaza marejesho ya mtengenezaji mmoja, QPS, ilhali lilijua kwamba mtengenezaji huyo halipi wateja, naye QPS akaishia kufilisika. Mwaka 2007 tume iliishughulikia InPhonic, iliyouza simu za mkononi kwa mtandao na kuwataka wateja wangoje miezi kadhaa kabla hata ya kuruhusiwa kuomba. Mwishoni mwa mwaka huo huo kampuni hiyo nayo iliomba kinga ya mufilisi. Kuna mnunuzi mahali fulani aliyengoja miezi yake yote kwa uaminifu, akatuma bahasha yake, kumbe anayeandikiwa hayuko tena.

Majimbo mawili madogo ya mashariki, Connecticut na Rhode Island, yalichagua njia iliyo fupi kuliko zote. Huko, duka likitaka kutangaza bei ya baada ya marejesho kama ndiyo bei ya bidhaa, sharti limpe mnunuzi punguzo hilo pale pale anapolipa, na kungoja kuwe juu ya duka, si juu yake. Nilipoisoma sheria hiyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Hiyo ndiyo sheria ya Gikomba, imeandikwa tu kwa Kiingereza cha mawakili.

Maduka yenyewe yalianza kuona aibu, au tuseme yalichoshwa na wateja waliokuja kugombana. Best Buy ilitangaza mwaka 2005 kwamba itayaondoa marejesho ya posta katika muda wa miaka miwili, na OfficeMax ikafuata mwaka 2006. Sababu iliyotolewa ilikuwa ni kwamba wateja hawayapendi. Walikuwa hawayapendi kwa miaka 15.

Ni haki kueleza pia upande wa pili, maana mtindo huu una watetezi ambao si wajinga. Mtengenezaji, wasema, hana mamlaka juu ya bei ya duka. Akimpunguzia mwenye duka bei ya jumla, mwenye duka aweza kuutia mfukoni ule unafuu wote. Marejesho humfikia mnunuzi moja kwa moja. Isitoshe, wasema wanauchumi, bidhaa moja huweza kuuzwa kwa bei mbili: ya chini kwa mwenye fedha kidogo na muda mwingi, ya juu kwa mwenye fedha nyingi na muda kidogo, na kila mmoja hujichagulia. Bila marejesho, huenda bei ya chini isingekuwako kabisa.

Nilikuwa na mwenzangu katika nyumba tuliyopanga, tulikuwa wanne, ambaye ni ushahidi wa hoja hiyo. Alikuwa mtu wa faili. Kila ununuzi ulikuwa na bahasha yake ya kaki, nakala mbili mbili, na tarehe ya kufuatilia iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani. Alipata diski tupu za kurekodia, nyaya na hata kichapishi bila kutoa senti yo yote mwisho wa mambo, ukiacha kodi na stempu. Namvulia kofia. Lakini hata yeye alinaswa siku moja kwa sharti la "ombi moja kwa kila anwani". Mmoja wetu alikuwa amekwisha kuomba marejesho ya bidhaa ile ile, na kwa kampuni sisi wanne, wa koo nne na kaunti tatu, tulikuwa kaya moja. Sharti hilo humpata nani hasa? Halimpati daktari anayeishi peke yake katika nyumba ya vyumba vitano. Humpata mhamiaji na mwanafunzi, wanaoishi wengi chini ya dari moja kwa sababu ya kodi ya nyumba. Kwa hiyo ile hadithi ya bei ya chini kwa mwenye kipato kidogo haisimami sawasawa. Mwenye kipato kidogo mara nyingi ndiye mwenye muda mchache zaidi, ndiye anayehama kabla hundi haijafika, na ndiye ambaye Kiingereza cha maandishi madogo humpa shida.

Tena bei mbili ni halali pale zinapotangazwa zote mbili kwa herufi za ukubwa mmoja. Nahodha wa mashua ya Lamu aweza kumtoza mgeni bei moja na mwenyeji nyingine, na kila mtu akajua. Kinachonikera katika marejesho ni kwamba bei ya mtu wa faili ndiyo inayotangazwa kwa wote, ilhali kampuni ina hakika, na hakika hiyo imo katika vitabu vyake vya hesabu, kwamba wengi hawataipata.

Humu nchini hatuna marejesho ya posta, ila tumekuwa na binamu zake. Wenye umri wangu wanakumbuka promosheni za kutuma vifuniko vya chupa au pakiti tupu za sabuni kwa sanduku la posta la Nairobi. Hizo zilikuwa bahati nasibu na hakuna aliyeziita bei. Siku hizi kuna pointi za kadi za maduka na ahadi za kurudishiwa fedha ukinunua kwa kiasi fulani. Tena hatuna kisingizio cha hundi kuchelewa. Tangu M-Pesa ianzishwe mwaka 2007, Mkenya anajua kwamba fedha zikitakiwa kurudi, hurudi kabla hajafunga mkoba. Kampuni yo yote ya hapa itakayosema inahitaji wiki nane, basi inahitaji wiki nane za kutumia fedha za mtu.

Sheria tunayo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Sheria ya Kulinda Wanunuzi ya 2012 inaihesabu kuwa ni ulaghai kauli isemayo kwamba kuna nafuu fulani ya bei ilhali haipo. Wakuu wanaohusika wasingoje mtindo huu ufike bandarini ndipo wautafutie kanuni. Waandike sasa, kwa sentensi moja kama ya Connecticut, kwamba tarakimu kubwa zaidi katika tangazo sharti iwe ile atakayoitaja keshia.

Huko Marekani kwenyewe, marejesho hayajafa. Yamehamia kwenye matairi ya magari na lenzi za macho, na lipo duka kubwa la vifaa vya ujenzi la majimbo ya kati, Menards, ambalo limejulikana kwa miaka mingi kwa marejesho ya asilimia 11, yanayolipwa kwa hati ya kununulia humo humo dukani, si fedha. Fomu nyingi sasa hujazwa katika mtandao, na badala ya hundi mara nyingi mtu hutumiwa kadi ya malipo yenye thamani ya marejesho yake. Rafiki yangu mmoja aliyebaki Minnesota alitumiwa moja ya dola 70 baada ya kununua matairi manne. Alinunua vyakula vya dola 68 na senti kadhaa. Dola moja na ushei iliyobaki haikutosha kununua kitu, keshia hakujua namna ya kuichanganya na fedha taslimu, na baada ya muda ulioandikwa kwenye kadi ikaisha nguvu. Aliniambia anayo bado katika pochi, nyuma ya leseni ya gari.